Majani Mlangoni

Kwa miaka mingi nimelificha jambo hili, hata mbele ya mume wangu, hata katika makala mbili nilizoandika kuhusu maisha ya Wahaya wa zamani: sisi hatukuishi katika mushonge. Nimeisimulia mara nyingi harufu ya ile nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi hadi chini, moshi ulioganda kwenye nguzo, samadi, majani mabichi yaliyotandikwa sakafuni, na watu wameniamini kwa sababu harufu naijua kweli. Ila naijua kama mwigizaji anavyolijua jukwaa lake. Tulikuwa tukilala katika nyumba ya bati iliyokuwa nyuma yake, bibi, mimi na dada zangu wawili, na redio ya bibi juu ya kabati.

Msimu ninaousema ni likizo ya Juni nilipokuwa na miaka kumi, katika kijiji cha jirani na Nshamba, kahawa ikiwa imeiva nyekundu katikati ya migomba. Baba mdogo Rweyemamu alikuwa mwalimu, na alikuwa na rafiki hotelini Bukoba mjini. Rafiki huyo alimwambia kwamba kuna watalii wanaotokea Uganda kwa lori, nao wanatamani kumwona Mhaya anayeishi kama zamani. Mushonge wa babu ulikuwa bado umesimama kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, lakini tangu alipofariki ulikuwa makazi ya kuku. Baba mdogo aliuzunguka mara mbili, akasimama mbele yake, akasikitika. Majani yalikuwa yameota hadi kizingitini. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Uwanja wa nyumba ya watu huwa mgumu, umefagiliwa hadi unang'aa. Mlango uliozungukwa na majani ni wa marehemu au wa mtu aliyehamia Dar es Salaam. Basi kwa wiki nzima tulipelekwa pale kila asubuhi kukanyaga. Tulicheza rede, tukaruka kamba, tukaenda na kurudi kama askari wa gwaride. Tulihamisha majivu kwa ungo kutoka jikoni hadi kwenye mafiga ya mushonge. Ndama wa jirani aliazimwa alale humo ili nyumba inuke inavyopaswa, na katika maandalizi yote yeye ndiye aliyefanya kazi yake bila kuigiza.

Bibi hakufurahi. "Rweyemamu, ulinitoa humu ukisema moshi utaniua," alimwambia. "Sasa wanakuja wageni, moshi umekuwa dawa?"

"Ni saa moja tu, mama."

"Na kahawa itajichuma?"

"Kahawa itangoja."

Haikungoja. Wageni walisema Jumatatu, wakaja Alhamisi, na siku zote hizo tulikatazwa kwenda mashambani ili tukutwe nyumbani, familia nzima, tumetulia kama watu wasio na haraka. Walipofika, bibi aliketi kwenye majani mapya, akatafuna punje moja ya kahawa kavu ya kuchemsha ili waone haina ubaya, ndipo akawapitishia kikapu. Mama mmoja mwenye kofia pana alichuchumaa nje ya mlango akapapasa ardhi. Akaniuliza mimi watu wamepita hapo kwa miaka mingapi. Kwa Kiingereza changu chote nikajibu: mia moja. Akaandika kwenye daftari lake, na baba mdogo akanishika bega. "Huyu atafika mbali," akasema.

Nimefika mbali. Nimefika Kazakistani. Mimi na waandishi wengine tuliitwa huko na chama kidogo kinachotunza orodha ya familia za wafugaji wanaopokea wageni. Wanauita utalii endelevu: wageni wachache, hoteli zisijengwe nyikani, na maisha ya wafugaji yasigeuzwe maonyesho. Kila mwandishi alipewa familia moja akae nayo siku mbili, kisha aandike ukurasa mmoja kusema kama wanaishi hivyo kweli. Familia inayoonekana kuigiza hufutwa. Nilipofafanuliwa kazi hiyo nilitazama dirishani. Hawakujua wamemwita nani.

Nyika yao ni kama rweya, yale majani yetu ya wazi kati ya kijiji na kijiji, ila yao hayafiki kijiji cha pili. Mwenyeji wangu aliitwa Gulnara, mjane wa rika langu, mwenye hema la duara la sufu nzito ya kondoo. Alinipa bakuli la maziwa ya farasi yaliyochacha, nami nikayanywa nikimchunguza juu ya ukingo wa bakuli. Zulia lilikuwa safi mno. Taa ya umeme wa jua ilikuwa imefichwa nyuma ya sanduku, pale pale ambapo sisi tungeificha. Lakini lililonimaliza ni majani. Yalikuwa ya kijani hadi mlangoni. Hapakuwa na jaa la majivu, wala njia iliyochongwa na miguu. Nilichuchumaa nikapapasa ardhi, ikabonyea. Nikasema moyoni, shoga, hata kukanyaga hamkukanyaga.

Nikamwuliza kupitia Daniyar, kijana wa chama aliyekuwa mkalimani wangu, kama kweli anaishi hapo. Gulnara akasema anaishi. Hapa hapa? Gulnara akamgeukia Daniyar, akasema neno, kijana akacheka.

"Anauliza wewe unaishi wapi, maana una maswali ya mtu asiye na kwao."

Tukiwa garini Daniyar alinieleza, bila mimi kuuliza, kwamba mama huyo akifutwa atauza farasi wake na kwenda kukaa na binti yake mjini, kwenye ghorofa ya sita. Wageni ndio wanaomwezesha kubaki na mifugo. Hilo nalo nililitilia shaka. Baba mdogo, mkalimani wetu wa enzi zile, naye alikuwa na huruma nyingi.

Nikarudi kwangu Kitendaguro, Bukoba, nikaandika ukurasa wangu. Niliandika kwamba sikuona dalili yoyote ya makazi. Ilikuwa sentensi nzuri, nami niliipenda. Nilikuwa nimebakiza kuutuma ukurasa Daniyar aliponipigia simu.

Alisema kundi jingine la wageni limefika kwa Gulnara na halikumkuta.

"Mmeshamfuta?" nikauliza.

"Hapana, amehama. Malisho yaliisha."

"Yameisha lini? Mimi niliyaona hadi mlangoni."

"Ulipofika walikuwa na siku ya tatu pale. Hawakai mahali pamoja, mama. Nilidhani hilo unalijua."

Mimi ni mtu wa migomba. Kwetu watu huzikwa mita ishirini kutoka walipozaliwa, na nilikuwa nimempima mhamaji kwa ufagio wa bibi yangu.

"Alijua kwamba wageni wanakuja?"

"Nilimwomba awangoje siku nne. Akasema wageni wana gari, watamfuata. Kondoo hawana cha kula."

Baba mdogo angewangoja mwezi mzima, na angewafungia kondoo ndani.

"Sasa ukurasa wako," Daniyar akasema. "Umebaki wewe tu. Watu wanataka kujua kama abaki kwenye orodha."

"Abaki," nikamwambia. "Na hao wageni waambie wamfuate."