Kura ya Mama, Mkono Wangu

Mama alipoteza macho polepole, kwa presha ya macho, na uchaguzi wa juzi ulipofika alikuwa haoni ila mwanga wa mlangoni. Tulikuwa tunaishi wawili, Changamwe, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Kwetu asili ni Kaloleni, lakini mimi nimezaliwa hapa hapa, kwenye harufu ya mafuta na ngurumo za malori.

Msimu ule wa kampeni wageni hawakukatika. Waliogombea uwakilishi wa wadi walipita nyumba kwa nyumba, na karibu wote, wakifika kwetu, walizungumza na mimi. "Mama anaendeleaje?" wananiuliza, na mama mwenyewe amekaa hapo mkekani, masikio yake mazima. Hata mgombea niliyempenda mimi, mwalimu, mwanamke kijana aliyekuwa na mpango wa zahanati yetu, alinieleza mimi yote, akamgusa mama bega, akaenda zake.

Mmoja tu alifanya vingine. Alikuwa mtu wa bara, mwenye gereji ya malori huko chini. Alivua viatu, akachutama mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe nani?"

Akajitaja, akataja na anachotaka. Kisha akamuuliza yeye anataka nini. Mama akamwambia habari za mtaro ulio wazi njiani kwetu, ambao aliwahi kutumbukia akaumia goti.

"Mama, hiyo mtaro siwezi kudanganya wewe. Sijui kama nitaweza. Hiyo kazi ina wakubwa wake."

"Mtaro huo," mama akamsahihisha, huku anacheka. "Haya, nimekusikia."

Alipotoka nilisema, "Mtu anaomba kura na hata kuahidi hajui."

Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wameshaamua. Kulikuwa na mgombea wa tatu, mtu wa kwetu, na kila Jumapili walimkumbusha mama kwamba safari hii tumpe mtoto wetu. Mama aliitikia, "Ehee," kwa sauti isiyokuwa ndiyo wala la. Nikajipa matumaini kwamba labda ataniachia mimi nimchagulie.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, mkono wake umeshika kiwiko changu. Kituo kilikuwa shuleni. Watu walitupisha mbele, mmoja akamletea mama kiti. Ndani, mashine ikamtambua kwa kidole, na msimamizi akamuuliza anataka nani amsaidie.

"Huyu binti yangu."

Nikaapa kwamba nitatia alama pale atakapotaka yeye, na kwamba sitamwambia mtu. Kisha tukaenda kusimama nyuma ya kile kikadibodi cha kuficha kura, tumebanana kama watu wanaochungulia kisima. Karatasi za vyeo vya juu zilikwisha upesi. Ikabaki ya wadi.

"Nani, mama?" nilimnong'oneza.

"Yule wa gereji!"

Mtu asiyeona, akidhani ananong'ona, wakati mwingine hunadi. Mawakala wa vyama waliinua vichwa, mmoja akacheka waziwazi. Kwa hiyo siri hii sikuitoa mimi. Ilitolewa na mwenyewe, na baadaye aliisimulia hata kanisani.

Nilisimama na kalamu. Jina la mwalimu wangu lilikuwa karibu na la yule bwana, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nililiona wazo hilo likija, nikaona haya kama vile mama ananitazama.

"Una hakika? Hatakufanyia kitu."

"Najua. Si aliniambia?" Akapapasa, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. "Tia, nisikie."

Nikatia alama taratibu, mkono wake umepanda juu ya wangu, na alipousikia mkwaruzo akashusha pumzi. "Wengine wote walikuja kukuona wewe," alisema. "Huyo alikuja kuniona mimi." Kisha akasimama kando, akangoja nipige kura yangu.

Alasiri dada yangu alipiga simu kutoka Ujerumani, ambako anatunza wazee. Niliiweka kwenye spika, nikamsimulia, akacheka mpaka akakohoa. Akasema huko kuna babu anayemwogesha, ambaye hupigia kura mezani jikoni na kuituma kwa posta, na kila mara ni chama kilekile kilichowatetea wachimba makaa alipokuwa kijana. Mgodi umefungwa zamani. Chama chenyewe babu hukitukana kila jioni.

"Basi kwa nini anakipigia?" mama akauliza.

"Anasema baba yake hatamsamehe."

"Kumbe nao ni watu," mama akasema, akaonekana kufarijika sana.

Matokeo yalipotoka tulikuwa jikoni tunachambua mchicha, mimi naosha, yeye anachuma majani kwa vidole. Alishinda yule wa kwetu. Nikamwambia mama kwamba wa gereji ameshindwa vibaya.

"Maskini." Akachukua tawi jingine. "Na mwalimu wako?"

Sikujua kwamba alijua. "Naye pia, mama."

"Pole, mwanangu." Akaacha mchicha. "Alikuwa anataka kufanya nini, huyo? Nilisikia zahanati, mengine akakuambia wewe chini chini."

Nikamweleza: muuguzi wa kudumu, dawa zisikatike, siku maalumu ya wagonjwa wa macho. Aliniuliza maswali moja baada ya jingine. Wapi atampata huyo muuguzi? Na dawa zikichelewa? Sikuwahi kuzungumza naye siasa namna ile. Miaka yote tulikuwa tukirushiana majina ya wagombea tu.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungempigia?"

Alifikiri kwa uaminifu, vidole vyake vikirudi kutafuta majani.

"La," alisema. "Lakini ningekusikiliza. Hebu niambie tena hiyo siku ya macho."