Wivu kwa Mchezaji wa Goti Bovu Umenifungia Mlango wa Ukweni

Admini, nifichie jina, na kanisa letu usilitaje, maana sisi Warundi wa huku ukipiga chafya Cheektowaga wanakuombea Columbus. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi Cheektowaga, pembeni ya Buffalo huku Marekani, na kufanya kazi kwenye ghala moja huko Lackawanna. Bado sijaoa.

Mchumba wangu yuko Gahanna, pale Columbus, kwa baba yake mkubwa aliyemlea tangu baba yake mzazi afariki. Tunapendana mwaka wa tatu huu. Shida ni mgongo wangu. Niliumia kazini nikinyanyua mizigo, nikapona, nikarudi kazini, nikaumia tena. Sasa wamenipa kazi nyepesi ya kubandika lebo, na habari hizo zilifika ukweni kabla yangu. Halafu kuna jamaa mmoja wa Louisville, dereva wa lori, mzima kama fahali, rafiki wa kaka yake mchumba wangu. Huyo kila mara yuko Gahanna, eti anapita tu kusalimia. Kutoka Louisville mpaka Columbus ni safari ya saa tatu na zaidi, jamani, nani anapita tu?

Basi juzi baba mkubwa akakubali niende na mshenga wangu tuseme kilichotuleta. Tulibeba kreti za Fanta kama ilivyo desturi yetu. Nilizishusha mwenyewe kwenye gari mpaka sebuleni ili wote wanione, mgongo unalia na mimi nachekelea. Kuingia ndani, nani kakaa kwenye sofa? Yule dereva, kavua viatu kama yuko kwao.

Sasa huyo mzee ni shabiki kufa wa mpira wa Kimarekani. Walipoletwa nchi hii walifikia Buffalo kwanza, wakahamia Columbus baadaye, lakini moyo wake ulibaki na timu ya Buffalo. Siku hizo timu zilikuwa karibu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, na sebule nzima ilikuwa inabishana juu ya kijana mmoja wa chuo, kotabeki, yule anayewarushia wenzake mpira. Ana mkono hatari, ila goti limeshapasuliwa, likapona, likaumia tena. Buffalo wamchukue au wamwache? Ilibidi tusubiri ubishi uishe ndipo tuseme yetu.

Mchumba wangu akaingia na chai. Badala ya kuiweka na kuondoka, akasimama na sinia lake akaanza kumtetea yule kijana. Alisema mtu hatupwi kwa sababu ameumia. Alisema goti linatibika lakini moyo wa kujituma haununuliwi, na mwenye subira ndiye atakayefaidi. Tangu nimjue sijamsikia akiongea vile. Dereva akasema dada umenena, akanyoosha kiganja, wakagongeana mikono mbele yangu.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwonea wivu dereva, na nawaambia ukweli, nilimwonea wivu zaidi yule mwenye goti. Mimi nilipolazwa na mgongo, huyu binti hakunisemea neno hata moja kwa watu wake. Leo anamlilia mtu asiyejua hata kama yeye yupo duniani. Mdomo ukanitangulia.

"Msimchukue huyo," nikasema, tena kwa sauti. "Aliyeumia mara mbili ataumia na ya tatu. Mtamlipa alale kitandani."

Mshenga wangu alinikanyaga mguu, lakini alichelewa. Mzee akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa upole.

"Mwanangu, umeongea kama mtu mzima. Na wewe huo mgongo umeumia mara ngapi?"

Nikajibu mara mbili. Akasema "haya", akarudi kuangalia televisheni. Mshenga hakupata pa kuanzia, posa haikutajwa, tukanywa Fanta tulizoleta wenyewe. Aliyezifungua ni dereva.

Nilipofika Buffalo nikampigia mchumba wangu nikiwa nimefura. Nikamuuliza yule kijana ni nani wake, na dereva je. Nikamwambia kama anapenda wagonjwa wa magoti awafuate. Aliniacha nikamaliza yote.

"Unajua kwetu binti hafungui mdomo juu ya mwanaume aliyekuja kumposa," akasema. "Ningekutaja wewe wangeniona sina adabu. Mimi mpira hata siujui, nimeusoma kwenye simu nipate namna ya kukusemea mbele ya baba mkubwa. Na aliyenipinga ni wewe."

Akakata. Mpaka leo hapokei simu yangu.

Ndugu zangu, najua nimekosa, lakini sitawadanganya, kule kugongeana mikono bado kunaniuma. Mshenga anasema nitulie, neno nililosema mbele ya wazee sina ubavu wa kulirudisha. Dada yangu anasema niende nikaombe radhi. Nikienda, mzee ataniona kigeugeu, leo nasema hivi, kesho vile. Nisipoenda, nasikia Jumamosi hii dereva anakwenda Gahanna na mshenga wake.

Na Buffalo wamemchukua yule kijana, na goti lake hivyohivyo. Nimeambiwa mzee alishangilia mpaka akamwaga chai.

Nishaurini jamani, hata mkinitukana nitasoma. Nirudi Gahanna kabla ya Jumamosi nikayameze maneno yangu mbele ya watu wote, au nimwache aliyenitetea aolewe na mwenye mgongo mzima?