Mazutu Mekundu ya Baba Mkwe

Kindu nzima ilijua kwamba Tambwe, dereva wa lori la mpunga, alilala na permi yake, leseni ya udereva. Si utani. Aliifunga katika kipande cha turubai akaivaa shingoni, chini ya shati, na alipooga aliitundika mahali ambapo macho yake yangeiona. Msimcheke. Alikuwa yatima wa Pangi, aliyeosha magurudumu ya watu miaka na miaka, akitukanwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ndipo Wazungu wakamkubalia kushika usukani. Karatasi ile ndiyo iliyomlisha. Ndiyo iliyompatia na mchumba.

Maana mzee Kitenge wa Kibombo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, hakuwa mtu wa kumtoa binti yake Hadidja ovyo. Aliiomba ile permi, akaigeuza huku na huku ingawa hakujua kusoma, akasema, "Huyu iko na kazi." Posa ikapokelewa.

Siku ya kumpeleka bibi harusi Kindu, tajiri wa Tambwe alimwazima lori. Nyuma walijaa shangazi kutoka Tunda, pamoja na mikeka, kuku na masufuria, na mzee Kitenge mwenyewe, ndani ya kanzu nyeupe, amekalia kiti alichotoka nacho nyumbani. Hadidja alikaa mbele kando ya bwana harusi, amefunikwa kitambaa, kimya kama ilivyompasa.

Njiani walisimama kijitoni kulitia lori maji. Mzee Kitenge akashuka, uso umemchangamka.

"Mukwe, gari yako haina njaa tena," alisema. "Asubuhi, wakati ulikuwa unakunywa chai, nilijaza tangi yake. Mugeni wangu haondoki na tumbo tupu, hata kama iko wa chuma!"

Tambwe alimshukuru kwa heshima zote, halafu akazunguka upande wa pili, akachovya kijiti ndani ya tangi. Kilitoka chekundu kama mawese.

Hapo akaiona hatari. Wenye mashine waliuziwa mazutu, mafuta ya dizeli, bila kodi, na serikali iliyatia rangi nyekundu ili yasiingie barabarani. Mashine ya kukoboa, sawa. Lori, hapana. Penye barieri, kizuizi cha kuingilia Kindu, alisimama Édouard, karani mwenye kofia iliyopigwa pasi, na waya uliofungwa pamba nyeupe nchani. Pamba ikitoka tangini nyekundu, dereva ananyang'anywa permi, na aliyempa mazutu hauziwi tena hata tone. Mashine yake inabaki nyumba ya panya. Mzee Kitenge, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, hakuyajua hayo. Kwake mazutu yalikuwa mazutu.

Tambwe alirudi kwenye usukani.

"Ni ile mazutu ya mashini," Hadidja alinong'ona ndani ya kitambaa chake. "Nimeona kijiti. Nimwambie baba?"

"Leo? Mbele ya shangazi zako? Ajue zawadi yake imekuwa kosa? Hapana. Heri waniseme mimi."

Hadidja aliwahi kusema baadaye kwamba hapo ndipo alipompenda mumewe. Kabla ya hapo alikuwa amemkubali tu.

Kuyamwaga hakuweza, mzee angeona. Lakini lori linalosukumwa, alifikiri, huenda Édouard asilipime. Basi walipofika mbali kidogo na barieri, Tambwe alizima lori, akashuka, akafunua boneti, akagonga hapa na pale, akatikisa kichwa. "Mashini imekufa," akatangaza. Shangazi walikula wali kwanza, bila haraka yoyote, mpaka chuma kikapoa kabisa. Kisha wakajifunga vitambaa viunoni wakaanza kusukuma, na nyimbo za harusi zikageuka nyimbo za kumsema dereva.

"Gari imekufa siku ya harusi!" alipaza sauti shangazi Riziki, ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Hadidja, mwanangu, usiku leo utasukuma nini?"

Tambwe aliyavumilia yote. Wakafika barieri, na Édouard, kwa kuwa alikuwa Édouard, akatia waya wake tangini bila hata kusalimu. Pamba ikatoka nyekundu. Nyimbo zikakatika.

"Nani alitia hii mazutu?" aliuliza.

Tambwe alivua turubai shingoni. Akaitoa permi, akainyoosha. "Ni mimi, bwana. Niliitoa kwa mashini ya mutu, mwenyewe hajui."

Mzee Kitenge alikuwa ameshashuka. Aliitazama pamba, akamtazama mkwewe, na ikamwingia polepole kwa nini lori lilikufa, na kwa nini kijana huyu alikubali kutukanwa njia nzima.

"Mutoto anadanganya," alisema. "Ni mimi nilijaza. Andika Kitenge wa Kibombo."

"Baba, nyamaza!"

"Nyamaza wewe!"

Édouard aliwatazama wale wawili waliogombania kosa kama watu wanavyogombania urithi. Akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akawatazama shangazi wanaohema.

"Mimi ninakamata gari yenye kutembea na mazutu ya mashini," alisema hatimaye, akirudisha permi. "Hii inatembea na wali. Mutoe hiyo mazutu ndani ya pipa, irudi Kibombo. Na musukume gari yenu itoke hapa, haraka."

Mazutu yakatolewa, tangi likabaki tupu. Tambwe akapanda. Alipogeuka nyuma aliona mzee Kitenge amevua kanzu, ameikabidhi kwa Riziki, na amebaki na fulana, bega lake limeegemea lori. Akaruka chini mbio.

"Acha! Baba mukwe hasukumi!"

"Panda, ushike usukani," mzee alisema. "Mutu alitaka kupoteza kazi yake juu ya jina langu. Niwaachie wanamuke peke yao wamufikishe kwake?"

Tambwe alipanda. Machozi yalimziba macho hata hakuiona barabara, na Hadidja akalazimika kufunua uso wake, mbele ya Kindu yote, amwelekeze wapi pa kupinda.