Bibi Aliposimama

Harufu ya tapentaini ikichanganyika na mdalasini hunirudisha Matombo, kijijini kwa bibi mlimani, papo hapo, hata nikiwa katikati ya soko. Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi, masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na shule zimefungwa. Asubuhi ukungu ulilala bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na ulipoanza kupanda ulitufunulia mlima kidogo kidogo: kwanza migomba, kisha mapaa ya nyumba, mwisho msitu mweusi wa juu. Mama mdogo Tekla, mdogo wake mama yangu, alikuwa amekwisha kukaa uani kwa bibi tangu alfajiri, shuka mabegani, brashi mkononi, akiusubiri mlima ujitokeze. Subira huvuta heri, alikuwa akisema, lakini siku zile heri yenyewe ilikuwa imechelewa njiani.

Mama mdogo alikuwa mchoraji wa milima, na hakutaka kuchora kitu kingine. Alikuwa akiishi kwetu Bigwa, ukingoni mwa mji, na kila picha aliyoimaliza aliifunga kwa kanga na kuipeleka mjini kwa mwenye duka la fremu, mzee mmoja wa Kihindi, mpole, aliyempa chai kwanza ndipo akamkatalia. Mara ya mwisho nilikwenda naye. Mzee aliiangalia picha kwa heshima, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, “Dada Tekla, nzuri sana. Lakini chora simba. Mlima wateja wangu wanauona bure dirishani.” Mama mdogo alicheka njia nzima hadi nyumbani. Usiku ule, kwenye chakula, hakula. Habari zilimfikia bibi kule juu, naye akatuma ujumbe mfupi: rangi haijamlisha mtu, ardhi ya ukoo inamngoja, aje ashike jembe. Ndiyo sababu mimi na yeye tulipanda Matombo likizo ile. Makubaliano yao yalikuwa kwamba asubuhi achore, mchana alime, na msimu ukiisha bila picha kununuliwa, brashi ziwekwe darini.

Bibi Skola, mama yao, hakuwa mkali. Alikuwa na kazi tu. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya bonde, limening'inia kwenye mteremko mkali hadi ungedhani viazi vitabiringika vyenyewe hadi mtoni. Aliondoka kabla hatujanywa uji na kurudi jua likizama, na kila alipopita nyuma ya mama mdogo aliitikia “shikamoo mama” kwa “marahaba” bila kuitupia macho picha. Mimi nilikuwa nikiosha brashi kwa tapentaini, nikinywa chai ya mdalasini na kula ndizi za kuchoma, nikiamini kwamba hakuna maisha matamu zaidi ya hayo.

Jumapili moja mama mdogo aliiegemeza picha ukutani ikauke, kubwa kama mlango, bonde lote likiwa ndani yake. Watu waliotoka misa wakapita, mmoja akasimama, akawaita wengine. Punde ua ulijaa. Kila mtu alitafuta kwake kwa kidole, na aliyepaona alijivuna kama aliyetajwa kwenye tangazo la ndoa. Jirani yetu mzee Mloka alitafuta muda mrefu, akavaa miwani, akavua. “Tekla, nyumba yangu iko wapi?”

“Ipo, mzee wangu. Iko nyuma ya mgomba.”

“Basi ukate mgomba.”

Watu walicheka hadi bibi akatoka jikoni, mikono ina unga, kuuliza kulikoni. Wakampisha. Kwa mara ya kwanza akaitazama, polepole, kama anayekagua mbegu. Macho yake yakavuka mto, yakapanda mteremko, yakatua kwenye doa dogo jekundu katikati ya shamba lake.

“Huyu ni mimi?”

“Ni wewe, mama.”

“Mbona nimeinama?”

“Huko shambani sijawahi kukuona umesimama,” mama mdogo alisema.

Bibi alifuta mikono kwenye kitenge, akarudi jikoni kusonga ugali. Lakini kesho yake alivaa kitenge chake cha kwendea kanisani, kile chekundu chenye maua, akasimama mlangoni na kusema, “Leo sitalima. Nitasimama kule. Uchore vizuri.” Akavuka bonde, akapanda hadi katikati ya shamba, akaweka mkono kiunoni, akatugeuzia uso. Alisimama hadi jua likapanda. Majirani wa ng'ambo, wasiozoea kumwona bibi bila jembe, wakadhani kaugua, wakamletea maji. Tulimwona kwa mbali akiwafukuza kwa mkono mmoja huku ule wa kiunoni haujatikisika. Mama mdogo alichora huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

Picha ile haikuuzwa, kwa kuwa bibi alikataa, ikatundikwa sebuleni. Lakini padre aliiona alipokuja kutembea, akaagiza ya misheni. Wageni wa misheni nao wakaagiza zao. Mcheza kwao hutunzwa. Na kwa kuwa kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, bibi alimmegea mama mdogo kipande cha juu cha shamba, kinachotazama bonde lote, akamwambia ajenge chumba chenye madirisha makubwa.

Bibi alikwisha kupumzika kwa amani. Mama mdogo yuko kule juu hadi leo, nywele zimekuwa nyeupe, anachora kila asubuhi. Mimi naishi mjini, Kihonda, natoka kazini giza limeingia, na kwenye simu yangu kuna picha nyingi za mlima nilizopiga nikiwa natembea, ambazo sijazirudia kuzitazama. Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu Matombo. Yule mdogo alipiga picha ya bonde, akaweka simu mfukoni, akaniuliza tutarudi nyumbani lini. Nikamwambia akae kwanza. Akakaa, amenuna, kidevu magotini. Ukungu ukapanda. Baada ya muda akanyoosha kidole ng'ambo na kuuliza, “Mama, yule anayelima kule ni nani?” Sikumjua. Tukabaki tunamtazama wote wawili, na habari ya kurudi haikutajwa tena.