Shemeji Asiyebeba Tofali

Mimi ndiye mwashi bora kuliko wote waliowahi kushika mwiko. Ukuta wangu ukiupima kwa pimamaji, pimamaji ndiyo inayoona aibu. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani namsifu shemeji yangu kwa sababu sina sifa zangu mwenyewe. Ninazo, nyingine zinamwagika.

Shemeji, mume wa dada yangu, habebi kitu. Tumejenga pamoja miaka kumi na mmoja na sijawahi kumwona na tofali mkononi. Kazi yake ni kusimama ukingoni mwa ghorofa na kumpa ishara Mama Winchi, mwendesha winchi wetu, ambaye amekaa chini kwenye kibanda chake na haoni ndoo ya zege inatua wapi. Kiganja juu, pandisha. Kiganja chini, shusha. Kidole pembeni, zungusha. Ngumi, simama. Basi, kazi imekwisha, mtu anakwenda nyumbani na shati safi.

Nikamtungia jina: Mkono Mtupu. Majina yote mazuri pale kazini nimetunga mimi.

Sasa, Mkono Mtupu alikuwa na tumbo lenye serikali yake. Utumbo mpana ulimvimba na kutoka vidonda tangu kabla hajamwoa dada, na ugonjwa ule haukuwa wa kupona, ulikuwa wa kubembeleza tu. Siku ukikasirika, mtu anakwenda chooni mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Utaona ngumi juu, halafu buti zinapotea ngazini. Ndoo ya zege inaning'inia hewani, na sisi mafundi saba tumeikodolea macho kama tunasubiri itoe hotuba.

"Yuko wapi?" Bosi anauliza kutoka chini.

"Amekwenda kusaini mkataba, Mkuu!" najibu, na jengo zima linacheka.

Mwisho tulimwonea huruma kwa njia yetu. Pale kazini kulikuwa na choo cha plastiki, kile cha kuhamishika, kimewekwa mbali huko getini. Asubuhi moja Bosi akiwa kwenye kikao, tukakifunga minyororo, Mama Winchi akakinyanyua mpaka ghorofa ya tatu, na aliyetoa ishara ni Mkono Mtupu mwenyewe, kwa uangalifu kama anapokea bibi harusi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona choo kikimfuata mtu.

Bosi akarudi, akatazama juu, akatafuna maneno.

"Nani kaniwekea choo ghorofa ya tatu?"

"Mkuu," nikamwambia, "ramani si inasema choo kila ghorofa? Tumeanza mapema."

Kikabaki hukohuko.

Basi siku moja dada akanipigia simu, na hakunisalimia. Dada yangu asiposalimia, ujue kuna jambo.

"Kaka, nimekuta kadi ya hospitali ndani ya buti lake la mvua. Alitakiwa akapimwe utumbo kwa kamera miaka mitatu iliyopita. Hajaenda. Na sasa kuna damu, anadhani sijui, kama vile suruali zinajifua zenyewe."

Nikamshika siku ileile, kwenye mapumziko, nyuma ya rundo la kokoto.

"Shemeji, kwa nini huendi?"

"Nitakwenda."

"Miaka mitatu unakwenda. Umepita njia gani?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema daktari alishamweleza zamani: utumbo uliowaka miaka mingi unaweza kugeuka saratani, ndiyo maana unachunguzwa mara kwa mara, hata ukijisikia mzima.

"Na bado huendi?"

"Nikikosa kazini siku mbili, Bosi atagundua."

"Atagundua nini?"

"Kwamba kazi inakwenda bila mimi. Wewe ukikosa, ukuta haupandi, kila mtu anaona. Mimi nikikosa kimepungua nini? Mkono. Si wewe mwenyewe unasema?"

Bwana, mimi sijawahi kukosa jibu. Walimu walinifukuza darasa la tano kwa sababu majibu yalikuwa mengi kuliko maswali. Lakini pale nilitazama kokoto. Utani ule niliuanzisha mimi, nikaurudia miaka kumi na mmoja, na kumbe mwenzangu alikuwa ameumeza kama dawa.

"Nenda kesho," nikasema. "Nafasi yako naishika mimi. Kupunga mkono, nani hawezi?"

Akaenda, dada kamshika mkono njia nzima asije akateleza kona.

Mimi nikapanda ukingoni, kifua mbele. Ndoo tatu za kwanza zilitua kama njiwa. Nikaona hii kazi kweli ni ya kuota jua. Kwa hiyo, wakati ndoo ya nne inapanda, nikaanza kuwasimulia wenzangu ule uzio niliomjengea tajiri mmoja, uliokuwa mrefu hivi! Mkono ukaenda juu. Na ukakata kona hivi! Mkono ukaenda pembeni. Na tajiri alipouona, akaanguka chini hivi!

Sasa mimi siwezi kusimulia mikono ikiwa mfukoni. Na Mama Winchi ni mtu wa kazi, akiona mkono anatii. Pandisha, akapandisha. Zungusha, akazungusha. Shusha, akashusha, ndoo ikamwaga zege lote juu ya meza ya Bosi kule chini nyuma ya kibanda, kwenye ramani, kwenye chai, na kwenye buti za Bosi mpaka magotini.

Hata wale wanaochekaga kwenye misiba hawakucheka.

Mama Winchi akatoa kichwa kibandani. "Si wewe umesema?"

Bosi hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu, taratibu, akiwa ameota pale kama nguzo:

"Mkono Mtupu yuko wapi?"

"Hospitali, Mkuu."

"Anarudi lini?"

"Kesho kutwa."

"Asubuhi au mchana?"

Nilimsimulia shemeji kila kitu, hata sehemu zilizonivunjia heshima. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akakimbilia kusaini.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Tukaenda watatu: yeye, dada, na mimi wa kuuliza maswali. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, hana maneno ya kuzunguka. Alisema vipande walivyokata siku ya kamera vinaonyesha sehemu ya utumbo ambapo seli zimeanza kugeuka vibaya sana. Saratani yenyewe hawajaiona, lakini iko njiani inakuja. Ushauri wake, waondoe utumbo mpana wote kabla haijafika, na haja iwe inaingia kwenye mfuko unaobandikwa tumboni.

Dada akauma mtandio. Mkono Mtupu akatazama mikono yake.

"Na vile vipande vingine mlivyokata mkavitia kwenye barafu mbiombio?" akauliza. "Nilisaini karatasi."

"Ni vya utafiti. Tunachotafuta kinaharibika upesi," daktari akasema. "Kila seli ina maelekezo yake, na nakala za maelekezo hayo zinaitwa RNA. Nyingine zinapeleka maelekezo ya kujenga protini. Hizo protini ndizo matofali ya mwili. Lakini RNA nyingi hazijengi protini yoyote. Kuna zinazoziambia nyingine: wewe nyamaza, wewe endelea, wewe simama. Utumbo ukiwaka miaka mingi, baadhi zinazidi, baadhi zinapungua. Anayetakiwa kusimama haambiwi asimame. Mlinzi ananyamazishwa. Seli inagawanyika tu."

"Matofali mazima, ishara mbovu," nikasema.

"Unaweza kusema hivyo."

"Nilishawahi kuwa hiyo RNA mbovu, daktari. Muulize bosi wangu, buti zake bado ngumu."

Nikamsimulia. Akacheka, kisha akarudi makini. "Lakini msije mkasema RNA ndiyo imeamua. Utafiti bado unaendelea. Kilichoniambia tufanye upasuaji ni kipande tulichokiona kwa hadubini."

Mkono Mtupu alikuwa bado na lake.

"Kwa hiyo mwilini nako kuna wasiobeba?"

"Wengi sana."

"Na huko hawachekwi?"

"Zamani," daktari akasema, "sehemu kubwa ya maelekezo hayo wataalamu waliiita takataka."

Shemeji akageuka akanitazama. Dada naye akanitazama. Ningekuwa na mwiko ningejizibia mlango.

"Pasueni," shemeji akamwambia daktari.

Wiki tisa alizokuwa hayupo, Bosi alitupa kazi ya uzio wa chini. Hakuna winchi, hakuna ghorofa. Aliyeuliza tunapanda lini alijibiwa, "Mwenyewe akirudi."

Alirudi amekonda, mfuko chini ya shati, na habari kwamba utumbo uliokatwa ulichunguzwa wote na saratani haikuonekana. Akapanda ngazi polepole, akasimama ukingoni, akainua kiganja. Ndoo ikapanda. Tangu asubuhi hakukimbia hata mara moja. Mafundi tulishindwa kuzoea, tukawa tunaangalia ngazi.

Saa nne nikaingia kwenye kile choo cha ghorofani, ambacho kwa muda ule kilikuwa kimekuwa changu. Nimekaa vizuri, nasikia minyororo inagonga nje. Nikadhani ni ya ndoo. Mara sakafu ikaniacha kidogo, halafu dunia nzima ikaanza kuyumba, na kupitia tundu la dirisha nikaona mawingu, paa la jirani, kisha kiganja kimoja kinashuka taratibu, kwa ustadi mkubwa.

Halafu ngumi.

Nikasimama hewani, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, suruali magotini.

"Shemeji! Niteremshe!"

"Subiri kidogo," Mkono Mtupu akajibu, na jengo zima likaanza kucheka. "Kwanza maliza kusaini."