Taa ya Barazani kwa Mama

Siku nilipoolewa na Mkatoliki, baba alinikataza kukanyaga kwake. Sisi asili yetu ni Maniema, mashariki mwa Kongo, Waislamu tangu mababu. Baba alikuwa fundi cherehani na mkaidi, nami nilirithi ukaidi, cherehani nikamwachia. Makusudi nikapanga nyumba ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wake.

Mama hakuweza kunipigia, maana simu yake baba alikuwa akiipokea mwenyewe. Basi tukabuni mambo yetu. Baba akienda kununua vitambaa mpakani Kasumbalesa, jioni mama aliwasha na kuzima taa ya barazani mara tatu: njoo tule. Mimi nikiwasha na kuzima mara moja, nakuja. Nikiiacha nyumba yote gizani, siji. Miaka mitatu nilikula bukari na sombe za mama, ugali wake na kisamvu chake, kama mwizi, tukimcheka baba.

Jioni moja taa yao ikawaka na kuzimika mara tatu, na pikipiki ya baba nikaiona uani. Nikajua ni umeme unacheza, kama kawaida ya mtaa wetu. Friji mbili zilikwisha kuniungulia hivyo hivyo, na hii ya tatu nilikuwa sijamaliza hata kuifurahia. Nikakimbilia swichi kubwa, nikakata umeme wa nyumba nzima, nikakaa nikijisifu kwa wepesi wangu.

Tangu siku hiyo mama hakuniita tena. Nikadhani baba ametugundua, nikazidi kumchukia. Miezi miwili baadaye baba akafariki ghafla.

Baada ya arobaini, tukiosha vyombo, mama akaniambia:

“Ile mangaribi ya mwisho, haikukuwa miye. Baba yako njo aliwasha taa. Alijua zamani. Nilimuambia tutume muntu akuite, akakatala. Akasema, ‘Wacha nimuite miye mwenyewe.’ Akabaki ku mulango, iko naangalia kwako.”

 Nikamuuliza baba alisema nini alipoona giza.

“Alisema, ‘Amekatala. Muache, iko mukaidi sawa na miye.’ Kisha akanikataza nisikuulize wala nisikuite tena. Juu ya nini ulizima, mutoto wangu?”

Nikamweleza habari ya friji, nikalia mpaka nikakaa chini. Najuta hadi leo. Mtaani kwetu umeme ukicheza, watu huvuka barabara kumuuliza jirani kama kwake pia unacheza. Jioni ile ningeweza kuvuka nikauliza.