Asubuhi Mkono wa Mama Neema Ulipoamka

Siku yangu ya kwanza kazini nilitarajia kupewa filimbi. Nilipewa sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, yenye ua jekundu katikati. Msimamizi wa bwawa, mzee mrefu aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka, alinipeleka ukingoni upande wa kina kirefu akaitupa majini. Ikazama ikiyumba, ikatulia sakafuni.

"Unaiona?"

"Naiona, mzee."

"Ina nini juu yake?"

Nikainama, nikamwambia kuhusu ua.

"Vizuri. Siku utaona sahani na usione ua, uje uniite. Siku hutaona sahani, usifungulie mtu geti, hata kama ni mkubwa wangu. Mtu akizama kwa maji usiyoona chini, utamtafuta kwa kupapasa, Esta, na kupapasa kunachukua muda mrefu kuliko pumzi."

Nilikuwa nimetoka Bahati, nje kidogo ya Nakuru, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina cheti kingine. Kuogelea nilijifunza kwenye lambo la shamba walilogawiwa wazazi wetu, maji yakiwa na rangi ya chai. Bwawa la umma lilikuwa kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kukabidhiwa. Jina lake sitalitaja. Wenyewe walibadilika mara nyingi, na nia yangu si kumshtaki mtu.

Kijana anayesoma haya huenda anafikiri kazi ya bwawa ni kukaa kwenye kiti kirefu na kuangalia watu. Hiyo ni sehemu ndogo. Maji ya bwawa ni kama mgonjwa aliye hospitali: hupimwa asubuhi, mchana na jioni. Tulichota maji kwenye kichupa, tukatia matone ya dawa, na rangi ikatuambia kama klorini, ile dawa inayoua vijidudu, imetosha. Ikipungua watu wanaumwa masikio na tumbo. Ikizidi wanatoka na macho mekundu. Kisha kulikuwa na chujio, tangi refu lililojaa mchanga. Pampu hunyonya maji kutoka bwawani, huyapitisha kwenye ule mchanga na kuyarudisha yakiwa safi. Kila baada ya siku chache tuliligeuza, maji yakapita kinyume yakautoa uchafu. Nakuru ina vumbi. Upepo ukishuka kutoka Menengai mwezi wa Februari, maji yaliyokuwa safi saa tatu yalivaa utando ifikapo saa sita.

Msimamizi alistaafu baada ya kunifunza miaka minne. Mimi nikahamia Naivasha, kwenye klabu ya wafanyakazi wa shamba moja la maua. Bosi wangu huko alikuwa Metroni wa Ustawi, mama mfupi mwenye sauti ya kwaya. Hakujua kuogelea, lakini alijua kuuliza. Kila Jumatatu alizunguka bwawa nami akinyoosha kidole: kigae kile kimevunjika, kitamkata nani mguu? Mfuniko wa bomba la chini una skrubu ngapi, na kwa nini moja haipo? Nilichoka naye. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sijawahi kufanya kazi mahali salama kuliko pale. Wasichana wa kufunga maua walitoka zamu vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya stoo, wakaja kukaa tu ndani ya maji yaliyopashwa na jua, wakicheka.

Kutoka Naivasha nilikwenda Gilgil, shule ya bweni yenye bwawa dogo na la kijani. Mwalimu Mkuu alinipokea kwa kuniambia, "Hiyo rangi ni ya miti, madam. Ni kivuli tu." Nikavua viatu, nikatembeza mguu kwenye ngazi ya kwanza, nikateleza mbele yake nikakaa kitako majini na sketi yangu ya kazi. Alinivuta, akatazama mwani uliojaa kwenye kiganja changu, asiseme tena habari za miti. Tulisugua wiki mbili, yeye akiwa amekunja suruali.

Niliporudi Nakuru nilikuwa na nywele nyeupe na cheo cha Mkuu wa Zamu. Bwawa lilelile, lakini lilikuwa limezeeka kuliko mimi. Taa za chini ya maji zilikuwa zimekufa. Mlango wa chumba cha pampu ulifungwa kwa waya. Meneja alikuwa mwanaume mpole, mwenye simu mbili na mikutano isiyokwisha. Nilimwambia kwamba pampu inavuja pale ekseli, kile chuma kinachozunguka, inapoingia, na maji yanadondokea karibu na nyaya.

"Tutaangalia mwezi ujao, Mama Esta."

Mwezi ulipita, nikamwambia tena. Alinijibu vilevile, na mara ya tatu vilevile. Basi nikaweka beseni chini ya ule mvujo, nikawa nalimwaga kila asubuhi nikijiona mwenye bidii. Hili nalisema bila kujitetea. Lile beseni lilinituliza. Tatizo lilikuwa pale pale, ila mimi nilikuwa nimelizoea.

Wakati huo ndipo Mama Neema alipoanza kuja.

Alikuwa fundi wa nguo. Nusu ya kwaya za mjini zilikuwa zimewahi kuimba ndani ya majoho aliyoshona yeye. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi kidogo kidogo, lakini mkono ulikaa ukining'inia kama wa mtu mwingine. Anayeshona atanielewa: mkono wa kulia hufanya mambo mengi, lakini wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Bila huo, cherehani ni meza tu. Daktari alimwambia atembee ndani ya maji, kwa kuwa maji humbeba mtu na kumkinga asianguke.

Alikuja kila Jumatano na Ijumaa asubuhi. Siku ya kwanza alisimama ukingoni hathubutu kushuka. Nikaingia naye. Nilimshika kiuno tukatembea upande wa kina kifupi, yeye akiomba kwa Kikuyu, mimi nikiitikia amina. Wiki ya sita alikuwa anatembea peke yake. Alikuwa na desturi moja: akimaliza, aliuchukua ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya ngazi ya chuma, akavikunja vidole kimoja kimoja kwenye bomba lake, akaungoja.

"Unangoja nini?" nilimuuliza.

"Nangoja useme kitu," akajibu. Nikajua anazungumza na mkono.

Asubuhi moja ya Ijumaa nilikuwa napima maji nikasikia akipiga kelele. Nilidhani ameteleza. Nilipomfikia alikuwa amesimama maji yakimfika kifuani, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Esta! Umeamka! Mkono wangu umeamka! Nimeuweka kwa ngazi, vidole vikaruka! Nimesikia kitu, Esta, kama sindano, kama sindano nyingi!"

Watu wengine saba waliokuwa majini walianza kupiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mimi nami nilifurahi, Mungu anajua, kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikasikia tena neno alilosema. Sindano.

Nilipiga magoti kwenye saruji yenye maji, nikachovya ncha za vidole. Wadudu wasioonekana walinitembea hadi kwenye kiwiko, kama siafu.

"Mama Neema," nikasema, nikijitahidi sauti isipande, "usiguse ngazi tena. Rudi nyuma, uje katikati. Wote, ondokeni ukingoni. Msishike chuma. Msitoke majini bado."

"Kwani nini?"

"Fanyeni tu. Tafadhali."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka waya wa mlango ulivyonikata kidole nilipokuwa naufungua, na swichi kubwa ya ukutani, nzito, ya zamani. Nilichukua ufagio wenye mpini wa mbao mkavu nikaishusha nao. Pampu ilinguruma, ikapunguza kasi, ikanyamaza. Nilirudi, nikawatoa mmoja mmoja kwa ngazi za saruji za upande wa kina kifupi. Mama Neema alitoka wa mwisho, akiwa bado anatabasamu.

Meneja alikuja akitembea haraka.

"Mama Esta, nani amezima? Kesho kuna shule tatu zinakuja kwa mashindano. Watoto wameshanunuliwa nguo za kuogelea na mama zao!"

"Kuna stima kwenye maji, Meneja."

"Stima itoke wapi? Hakuna mtu ameumia."

"Bado."

"Si unaweza kuweka alama tu wasishike hiyo ngazi?"

Nilikuwa nimemheshimu kila bosi niliyewahi kuwa naye. Siku hiyo nilimtazama machoni nikamwambia, "Weka mkono wako kwa maji, mimi niende nikawashe. Ukiniambia ni sawa, nitafungua geti."

Aliyatazama maji. Yalikuwa safi, yametulia, na anga yote ilikuwa ndani yake. Akakunja mkono wa shati mara moja, mara mbili, akasimama hivyo. Kisha akaukunjua.

"Nipe nambari ya fundi," akasema, na sauti yake haikuwa ya meneja tena. Baadaye aliniambia kwamba bintiye angekuwa kwenye timu ya shule ya pili.

Fundi wa umeme alikuja mchana. Maji ya ule mvujo yalikuwa yameingia ndani ya mota yenyewe ya pampu. Hilo pekee lisingetosha, kwa sababu kila mota huwa na waya wa kijani na manjano unaopeleka stima ardhini ikivuja. Ule wetu haukuwa umefungwa popote. Mtu aliyebadilisha mota miaka iliyopita aliuona mfupi, akauacha ukining'inia. Fundi aliushika kati ya vidole viwili akanionyesha. "Huyu mama wa mkono mgonjwa," alisema, "amewaokoa. Mwenye mkono mzima angesikia kidogo, aseme ni baridi, aendelee. Kesho mota ingekuwa imeloa zaidi."

Nililazimika kwenda kumwambia kwamba kilichourusha mkono wake kilikuwa stima. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna msimamizi aliyenifunza. Nilimkuta nyumbani kwake Jumamosi. Alikuwa ameondoa kitambaa juu ya cherehani, ameipaka mafuta, na kitenge kipya kilikuwa mezani kimeshapimwa kwa chaki.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Akauchukua mkono wake, akauweka mapajani, akaupapasa kama anavyopapaswa mtoto aliyekosea bila kujua.

"Kumbe nilikuwa nasherehekea kifo," akasema.

"Ulituokoa sote. Na wale watoto."

"Najua. Nimesikia ukisema." Akakigusa kitenge kwa mkono wa kulia. "Lakini nilifurahi, Esta. Kwa siku moja nzima. Jana nilimpigia Neema simu, nikamwambia nitamshonea gauni."

Nikaketi karibu naye, nikaushika ule mkono, tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Bwawa lilifungwa miezi mitatu. Meneja alipigania pampu mpya, nyaya mpya, hata mlango wenye kufuli. Katika hilo nampa heshima yake. Lilipofunguliwa, Mama Neema hakuja. Nilingoja Jumatano nne. Ya tano nikaenda kumchukua.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi. Nitaingia kwanza."

Tuliingia pamoja, kama siku ya mwanzo. Mkono wake haukuwahi kurudi wote. Mwaka uliofuata kidole gumba na cha shahada vilianza kubana, kidogo, kwa nguvu zake mwenyewe. Vilitosha kushikilia ukingo wa kitambaa kama hakina haraka. Gauni la Neema lilichukua miezi saba. Nililiona. Mshono wa upande mmoja unapinda kidogo kiunoni, na Neema hakubali ufumuliwe.

Nimestaafu sasa. Wanaonitembelea huniuliza niliokoa watu wangapi, na nikisema ni wachache naona wamevunjika moyo. Kazi ikifanywa vizuri hakuna wa kuokolewa. Mkiona kitu kinavuja, wanangu, msikitafutie beseni. Mkikitafutia, basi kila mnapolimwaga semeni kwa sauti ni kwa nini liko pale, hadi mtu achoke kuwasikia.

Miaka yote hiyo niliingia majini ama kusugua, ama kumshika mtu. Juzi Mama Neema alinilazimisha nije kama mgeni. Nikalala chali, nikafumba macho, maji yakaniziba masikio. Chini ya maji pampu husikika kama moyo. Nikasikiliza, na nyuma ya ule mdundo kulikuwa na mlio mwembamba, wa beringi ya mota inayoanza kukauka mafuta. Nikatoka nikitiririka maji, nikaenda moja kwa moja kwa Purity, Mkuu wa Zamu wa sasa.

"Beringi ya nyuma inalia," nikamwambia.

"Tumeisikia asubuhi, mathe. Fundi yuko njiani, na tunafunga saa nne akija." Akanigeuza kwa mabega, taratibu. "Una nusu saa. Rudi uogelee."

Nikarudi.